Maabara Bila Swali

Mtu yeyote aliyesoma sayansi katika sekondari za Tanzania anajua maana ya kupika data. Unafanya titresheni, bureti inakupa sentimita za ujazo 26.1 mara ya kwanza na 24.6 mara ya pili, muda unakwenda, msimamizi anapita nyuma yako, nawe unakumbuka mwalimu alivyosisitiza kwamba vipimo visipishane kwa zaidi ya 0.2. Unachungulia karatasi ya jirani. Unaandika 24.6, 24.5, 24.7. Wastani unatoka mzuri, mkokotoo unanyooka, maksi zinaingia. Anayesahihisha huenda akahisi. Mwalimu wako anajua kabisa, maana naye alipika enzi zake.

Jambo hili likizungumzwa, huzungumzwa kama utovu wa maadili, na dawa inayotajwa ni usimamizi mkali. Mimi nalichukulia kama ushahidi. Mtu hupika data pale ambapo jibu linajulikana kabla ya jaribio kuanza, na maksi ziko kwenye kulifikia jibu hilo. Jambo ambalo hakuna anayelijua halipikiki; hata ukitaka, utapika kwa kufuata nini? Wingi wa data zilizopikwa unatueleza mengi kuhusu majaribio yenyewe: wanafunzi wamepewa kazi ya mikono, hawakupewa swali.

Kwa miaka mingi mjadala wa kufundisha sayansi kwa vitendo umekuwa mjadala wa majengo. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na bayolojia. Tarehe ya mwisho ilikuwa Novemba 2014, ikasogezwa hadi Juni 2015. Wananchi walichanga, wakasomba mawe na mchanga, na viongozi wa wilaya walipimwa kwa idadi ya kuta zilizosimama. Lilikuwa jambo kubwa na sitalibeza: shule za kata, zilizochipua kwa maelfu baada ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa mwaka 2004, nyingi zilikuwa hazina hata chumba chenye sinki. Lakini majengo mengi yalipata paa kabla ya kupata meza, maji na gesi, na baadhi yakageuzwa madarasa kwa sababu wanafunzi walikuwa wengi kuliko vyumba. Hata pale maabara ilipokamilika, kilichoingia ndani yake kilikuwa mazoezi yale yale ya kujiandaa na karatasi ya vitendo ya Baraza la Mitihani.

Kuna kipimo cha zamani kinachosaidia kuona tofauti. Joseph Schwab, mwanaelimu wa Chicago, aliyeandika juu ya ufundishaji wa sayansi katika miaka ya 1960, na baada yake Marshall Herron mwaka 1971, walishauri kila jaribio la shule litazamwe kwa mambo matatu: nani ametoa swali, nani ametoa njia, nani ametoa jibu. Yote matatu yakitoka kwa mwalimu au kitabu, mwanafunzi anathibitisha tu, na kazi hiyo Herron akaiweka kwenye ngazi ya sifuri. Swali na njia vikitolewa lakini jibu likiachwa wazi, tumepanda ngazi moja. Swali peke yake likitolewa, ngazi ya pili. Mwanafunzi akileta na swali lake mwenyewe, ya tatu. Chukua sasa karatasi yoyote ya vitendo ya kemia ya kidato cha nne. Inamwambia mtahiniwa amimine sodiamu thayosalfeti ya ujazo fulani kwenye bika, aiweke juu ya karatasi yenye alama ya X, aongeze asidi hidrokloriki ya ujazo fulani, aanzishe saa, asubiri hadi alama ipotee machoni. Jedwali limeshachorwa. Vichwa vya safu vimeshaandikwa. Umbo la grafu analijua tangu mwaka jana kutoka kwenye pasti pepa. Mikono imeshughulika kwa zaidi ya saa mbili na tuko ngazi ya sifuri.

Nisieleweke kwamba ngazi ya sifuri haina kazi. Kushika bureti bila kumwaga, kusoma kipimo kwa jicho lililo sawa na usawa wa kimiminika, kupasha moto testitubu bila kumwelekezea mwenzako mdomo wake: huo ni ufundi, na ufundi hufundishwa kwa kuiga na kurudia. Tatizo ni kuishia hapo na kuuita sayansi.

Tazama pendulamu, jaribio ambalo hakuna shule inayoweza kusema haina vifaa vyake. Kwa njia ya kawaida mwanafunzi anapewa urefu wa uzi mara tano, anahesabu mizunguko 20 kila mara, anachora grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu, anatafuta mteremko, anapata mchapuko wa mvutano wa dunia. Jibu linatakiwa likaribie 9.8. Aliyepata 8.9 anajua la kufanya na kifutio chake.

Kwa njia ya uchunguzi somo linaanza na mwalimu akiwa na uzi, kokoto na jiwe la ukubwa wa ngumi. Anauliza: nikiondoa kokoto nikafunga jiwe zito, litakwenda na kurudi upesi zaidi, au litachelewa, au sawasawa? Anataka mikono. Wengi husema zito litawahi, kwa sababu kitu kizito kina nguvu. Wachache husema litachelewa, kwa sababu kitu kizito ni kivivu. Mmoja au wawili, waliosoma mbele, husema sawasawa, lakini ukiwabana waeleze kwa nini, wanataja fomula na kunyamaza. Mwalimu haonyeshi yuko upande gani. Anawagawa makundi, kila kundi na uzi wake, na saa ni ile iliyomo kwenye simu ya kitochi ya mwalimu au ya fundi sanifu.

Baada ya dakika 20 vurugu yenye manufaa inaanza. Kundi moja linatangaza kwamba jiwe zito linachelewa, na lina namba: mizunguko 20 kwa kokoto sekunde 20.5, kwa jiwe sekunde 21.6. Kundi la pili linasema hakuna tofauti. La tatu limepata majibu yanayorukaruka kiasi kwamba halijui liseme nini. Hapa ndipo somo lilipo, na hapa ndipo mwalimu mwenye haraka hulipoteza kwa kusema kundi la pili liko sahihi, andikeni. Mwenye subira anawaambia makundi yabadilishane vifaa. Wakitazamana wakifanya kazi, mtu anagundua kwamba kundi la kwanza lilipima uzi tu, sentimita 25 mara zote mbili. Kokoto ina kitovu sentimita moja chini ya fundo, jiwe lina kitovu sentimita nne chini. Pendulamu yao imerefuka bila wao kujua, kutoka sentimita 26 hadi 29, na tofauti ile ya sekunde moja na ushei ndiyo hasa inayotakiwa kutokea kwa urefu huo. Hawakukosea kupima. Walibadilisha vitu viwili wakidhani wamebadilisha kimoja. Kundi la tatu nalo linagundua kosa lake: lilikuwa linapima mzunguko mmoja mmoja, na kidole cha mtu huchelewa kubonyeza kwa karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. Kwenye mzunguko wa sekunde moja hiyo ni hasara kubwa. Ikigawanywa kwa mizunguko 20 inakuwa ndogo mno. Sasa wanajua kwa nini karatasi ya mtihani husema 20. Miaka yote ilisema bila kueleza.

Vipindi viwili mfululizo, dakika 80, vimekwisha, na darasa limebaki na hitimisho moja: uzito haubadilishi muda, urefu unabadilisha. Mkuu wa taaluma akipita na kuuliza topiki imefikia wapi, mwalimu hana jibu la kumfurahisha. Hiyo ni gharama halisi, na wanaohubiri uchunguzi huku wakiikwepa wanawadanganya walimu.

Mambo haya si mageni kwetu. Baada ya Muungano wa Kisovieti kurusha setilaiti ya Sputnik Oktoba 1957, Marekani ilimwaga fedha kwenye mitaala mipya ya sayansi. Kamati ya fizikia iliyoongozwa na Jerrold Zacharias wa MIT ilikuwa imeshaanza kazi mwaka mmoja kabla. Uingereza ikafuata mwaka 1962 kwa mradi wa Nuffield, uliotaka mwanafunzi awe mwanasayansi wa siku moja. Mawimbi hayo yalifika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960 kupitia mradi wa School Science Project, wenye vitabu vya kumwongoza mwanafunzi agundue mwenyewe. Haukudumu. Ulitaka vifaa vingi, madarasa madogo na walimu wenye uzoefu, na wengi wa walimu waliouendesha walikuwa wageni wa mkataba waliorudi kwao.

Lakini tulikuwa na andiko letu pia. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, aliiweka akili ya kudadisi mbele kabisa katika orodha ya mambo ambayo shule lazima zijenge, na akalaumu elimu inayoheshimu kitabu kuliko uzoefu wa mkulima. Waliomsoma harakaharaka walikumbuka jembe na shamba la shule, wakasahau udadisi. Wanafunzi wakalima mahindi ya shule kwa miaka bila mtu kuwauliza kwa nini tuta lile limestawi kuliko hili, ingawa shamba lile lingeweza kuwa maabara kubwa na ya bei rahisi kuliko zote. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa mwaka 1973, baada ya nchi kujitoa kwenye mfumo wa mitihani wa pamoja wa Afrika Mashariki, ambao nao ulikuwa mrithi wa Cambridge. Mtahini alibadilika. Sura ya karatasi ya vitendo haikubadilika sana.

Mtaala wa 2005 ulileta umahiri badala ya maarifa matupu, na ule ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umesukuma mbele zaidi, ukiongeza mkondo wa amali. Kwenye maandishi, yote miwili inamweka mwanafunzi katikati na kumtaka mwalimu awe mwezeshaji. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani na mikondo minne anaisoma mitaala hiyo semina ikiisha, anaikunja.

Hakuna kisa kinachoonyesha jambo hili vizuri kama cha Erasto Mpemba, na ni aibu kidogo kwamba kinajulikana zaidi ng'ambo kuliko Lushoto. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, shule iliyoko kwenye baridi ya Usambara. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, unaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu, mwenzake mmoja akaweka maziwa bila kuchemsha ili awahi trei, naye Mpemba akaamua kuingiza yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, haiwezekani.

Watu wengi husimulia hadi hapo kisha huruka hadi kwenye umaarufu. Yaliyo katikati ndiyo ya kutazamwa. Mpemba alikwenda kwa rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, akaambiwa kwamba watu wa biashara hiyo huweka maziwa yakiwa ya moto ili yagande upesi. Huyo alikuwa shahidi wa pili, mtu wa kazi, asiyejua lolote kuhusu kanuni ya Newton ya kupoa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena wakati wa somo la kanuni hiyo, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo si fizikia ya dunia, ni fizikia ya Mpemba. Tangu hapo kila alipokosea hesabu, darasa zima lilimkumbusha kuwa hiyo ni ya Mpemba. Kisha siku moja aliikuta maabara ya bayolojia iko wazi na hakuna mwalimu. Alichukua bika mbili ndogo, moja akatia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji na kurudi baada ya saa moja. Hakuna muhtasari wa somo uliomtuma. Maabara ilikuwa haijafungwa, basi.

Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipokuja kuzungumza na wanafunzi, Mpemba aliuliza swali lile lile, na wenzake wakacheka. Osborne alikiri hajui, akaahidi kujaribu. Huko Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara, na fundi akaleta taarifa ambayo ingefaa kubandikwa kwenye kila mlango wa maabara nchini: kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, lakini wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Fundi yule alikuwa mtu mwaminifu anayefanya alivyofundishwa. Alikuwa karibu kabisa na kupika data. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la Physics Education, Mpemba akiwa tayari mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka.

Ipo tamati ambayo wazalendo hawaipendi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti wakionyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja juu au chini ndani ya maji kunatosha kuleta au kufuta tofauti hiyo, na kwamba wao hawakuona ushahidi wa kutosha wa jambo lenyewe kwa maana iliyozoeleka. Wengine wanaendelea kubishana. Kwa mwalimu wa sekondari hii ni zawadi: hapa kuna swali lililotoka kwa kijana wa Kitanzania, linalohitaji friji na vikombe viwili, na wanasayansi bado hawajalifunga. Halipikiki.

Sasa upande wa pili wa hoja, ambao wapenzi wa vitendo hupenda kuuruka. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walichapisha makala yenye kichwa cha ugomvi, wakidai kwamba kumwacha mwanafunzi agundue bila mwongozo wa kutosha hakufanyi kazi. Hoja yao inasimama juu ya jinsi akili inavyobeba mzigo: mtu asiye na maarifa ya msingi akitupiwa tatizo jipya, kumbukumbu yake ya muda inajaa haraka, anahangaika na hakuna kinachobaki. Miaka miwili kabla yake, David Klahr na Milena Nigam walikuwa wameonyesha kwamba watoto waliofundishwa waziwazi jinsi ya kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vilevile waliimudu stadi hiyo kuliko walioachwa waigundue. Kisha matokeo ya mwaka 2015 ya PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, yakawashtua wengi: katika nchi nyingi, wanafunzi waliosema wanafanya uchunguzi mara kwa mara darasani walikuwa na alama za chini za sayansi, hata baada ya kuzingatia hali za familia zao. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyoshiriki, lakini sidhani kama tungetoka tofauti.

Majibu yalikuja. Cindy Hmelo-Silver na wenzake walisema mwaka 2007 kwamba uchunguzi unaofanywa vizuri umejaa mwongozo, na kwamba Kirschner na wenzake walipigana na kitu ambacho watu makini hawakifanyi. Mwaka 2010 Daphne Minner na wenzake walipitia tafiti 138 wakaona mwelekeo mzuri, hasa pale wanafunzi wanapofikiri kwa bidii na kutoa hitimisho kutoka kwenye data. Uchambuzi wa Ard Lazonder na Ruth Harmsen wa mwaka 2016 ulithibitisha jambo ambalo mwalimu mzoefu wa Ilala au Machakos angekuambia bila takwimu: uchunguzi wenye mwongozo unalipa, uchunguzi wa holela haulipi.

Kwa hiyo swali la kama tufundishe kwa kueleza au kwa kuchunguza limekaa vibaya. Katika lile somo la pendulamu, mwalimu aliuchagua mtego wa jiwe kubwa kwa makusudi. Alijua kundi litanasa. Baada ya kunasa, dakika tano za kueleza waziwazi kuhusu kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja zinaingia akilini kuliko saa nzima ya maelezo hayo hayo kabla ya jaribio. Darasani, mpangilio wa kueleza na kujaribu una uzito kuliko uwiano wake.

Lugha ni kikwazo kikubwa kuliko ukosefu wa bureti, nami sioni sababu ya kuizungukazunguka. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania anasoma kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kila kitu kinageuka Kiingereza. Somo la kunukuu ubaoni linavumilia hali hiyo: unanukuu usichokielewa, unakariri, unajibu. Uchunguzi hauvumilii. Unataka mtoto aseme anachodhani kitatokea, abishane na mwenzake, akiri kwamba matokeo yamemshangaza, na hayo hayafanyiki kwa lugha unayoiogopa. Walimu wengi wameshalitatua kimyakimya: ubishi kwa Kiswahili, ripoti kwa Kiingereza. Wanafanya hivyo wakiangalia mlango, kana kwamba wanatenda kosa. Ingekuwa busara mkaguzi akawaambia waendelee.

Kuhusu vifaa, ubunifu wa walimu umekwenda mbali kuliko sera. Maji ya choya hubadilika rangi kwenye asidi na besi, nayo hupatikana kila soko. Mrututu wa dukani ni salfeti ya shaba ile ile inayouzwa ghali kwenye chupa yenye nembo. Ayodini ya famasia inaonyesha wanga kwenye muhogo. Sirinji ya plastiki hupima ujazo vizuri vya kutosha kwa titresheni ya kujifunzia, na motopoa hutoa mwali usio na rangi, unaofaa kwa jaribio la rangi za chumvi. Wafanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps nchini Tanzania walikusanya mbinu kama hizi kwenye mwongozo walioupa jina la Shika na Mikono. Jina zuri, ila mikono peke yake, kama nilivyokwisha kusema, haitoshi. Na tahadhari moja: maji ya betri ni asidi salfariki kali, huunguza ngozi na macho. Ubunifu usiwe kisingizio cha kuwakosesha wanafunzi miwani ya kinga. Maji hayamiminwi kwenye asidi. Asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, polepole.

Kenya ilijaribu kulishika tatizo kwa upande wa mwalimu. Mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani katika wilaya tisa na baadaye ukaenea nchi nzima, uliwafunza walimu waliokwisha kuajiriwa wapange somo kuzunguka shughuli, mwanafunzi, jaribio na ubunifu wa vifaa, kisha walitazame lilivyokwenda na kulirekebisha. Kituo cha CEMASTEA pale Karen, Nairobi, kimerithi kazi hiyo. Wazo lilikuwa sahihi kwa sababu moja kubwa: lilimwona mwalimu kama mtu anayejaribu na kujisahihisha, yaani mchunguzi wa somo lake mwenyewe. Lililoukwamisha ni kwamba mwalimu alitoka semina na kurudi kwenye shule inayopimwa kwa wastani wa mtihani wa taifa, KCSE.

Mwaka 2019 Peter Tabichi wa Keriko, shule ya kutwa huko Nakuru, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani yenye dola milioni moja, na wanafunzi wake walifika kwenye maonyesho ya kimataifa ya sayansi Marekani. Tanzania nayo ina Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011 kwa mfano wa maonyesho ya Ireland yaliyoanza 1965. Ukipita kwenye meza za maonyesho hayo unaona ngazi ya tatu ya Herron ikifanya kazi: wanafunzi wanaleta maswali ya kwao, juu ya wadudu wa mazao, maji ya visima, taka za sokoni. Napenda maonyesho haya na bado nina wasiwasi nayo. Shule huchagua wanafunzi wawili watatu hodari, mwalimu mmoja mwenye moyo anawabeba jioni na Jumamosi, na wengine 300 wanabaki na pasti pepa. Uchunguzi umegeuka mchezo wa timu ya shule.

Uganda imekwenda kwa njia nyingine. Mtaala wake mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, umeweka miradi ndani ya masomo na kuihesabu katika tathmini, na Kenya inafuata mwelekeo huo kwa mtaala wa umahiri ulioanza 2017. Ni hatua ya kweli, yenye hatari inayojulikana. Uingereza ilikuwa na kazi za vitendo zilizosahihishwa shuleni kwa miaka, hadi walimu na wanafunzi wakajifunza kuzipika kwa ustadi. Mabadiliko ya A-level yaliyoanza 2015 yakaziondoa kwenye gredi. Badala yake, kufaulu vitendo kunaandikwa kando kwenye cheti cha mwanafunzi, na angalau asilimia 15 ya maksi za karatasi za kuandika lazima zihusu majaribio. Wapo walimu wa huko wanaosema vitendo vimepungua tangu hapo. Sisi, ambao alama za maendeleo za shuleni tumeziona zikipanda kila mwaka bila wanafunzi kupanda, tuna kila sababu ya kujifunza kwao kabla ya kukabidhi gredi ya mtoto kwa mradi uliofanywa nyumbani na mjomba.

Ndiyo maana nadhani mahali pa kuanzia ni karatasi ya mtihani, tena pafinyu hapo: swali moja tu katika kila karatasi ya vitendo. Mpe mtahiniwa vipimo vitano vya muda wa mizunguko 20 kwa urefu ule ule: 20.4, 20.6, 20.5, 22.9, 20.5. Muulize afanye nini na kile cha nne, na kwa nini. Jibu la kukifuta kimyakimya lisipate kitu. Anayesema angepima tena, anayetaja vitu viwili vinavyoweza kuwa vimekileta, anayependekeza namna ya kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, huyo apewe maksi zote, hata kama Kiingereza chake kimepinda. Swali la namna hii halidai kemikali, gesi wala jengo jipya. Walimu watalifundisha kwa sababu litakuwa kwenye mtihani, na hawawezi kulifundisha bila kuwaacha wanafunzi wapate vipimo vibaya na kuvijadili.

Kinachodaiwa ni muda wa msahihishaji. Jibu la aya moja lenye sababu halisahihishwi kwa kutazama namba ya mwisho. Linasomwa, na wasahihishaji wawili wanaweza kutofautiana juu yake. Nchini Kenya, ambako watahini hulipwa kwa idadi ya karatasi wanazosahihisha, swali kama hilo linapunguza kipato cha mtu kila anapolifikia, na mwongozo wa kusahihisha utakaovumilia majibu kumi tofauti yaliyo sahihi bado haujaandikwa.